Daftari la Wakfu Ndani ya Kompyuta: Kanuni za Kuhakiki na Hukumu za Fiqhi

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, Maswahaba zake na kila mwenye kufuata uongofu wake hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Miaka hii kamati nyingi za misikiti na jumuiya zinazosimamia mali za wakfu zinahamisha madaftari yao ya karatasi na kuyaingiza kwenye kompyuta. Hili ni jambo la kheri, kwani tunajua hati ngapi zimeliwa na mchwa, au zimebaki kabatini kwa mzee mmoja hadi alipofariki na warithi wake wasijue ni za nini. Lakini programu zinazonunuliwa kwa kazi hiyo, aghalabu, hazikutungwa kwa ajili ya wakfu. Zimetungwa kwa ajili ya wenye nyumba za kupangisha, makampuni na halmashauri za miji, nazo zinakuja na masharti yake ndani.

Masharti hayo ndiyo yanayoitwa kanuni za kuhakiki taarifa. Maana yake ni kwamba kabla programu haijakubali kuhifadhi alichokiandika karani, inakipima kwanza. Kisanduku cha jina la mwenye mali kisiachwe kitupu. Kodi iandikwe kwa tarakimu, isiandikwe kwa herufi. Tarehe ya kumalizika mkataba iwe baada ya tarehe ya kuanza. Namba ya kiwanja isijirudie mara mbili. Karani akivunja sharti mojawapo, programu inamkatalia na kumwonyesha maandishi mekundu mpaka arekebishe.

Kwa mwenye duka au mwenye nyumba haya ni mambo ya kawaida tu. Kwa mali ya wakfu, kila sharti kati ya hayo linageuka kuwa hukumu. Likisema "taarifa hii haikubaliki", limesema kwa hakika kwamba wakfu huu hautambuliki katika daftari hili. Na hukumu ya wakfu kusihi au kutosihi ni kazi ya fiqhi. Mtunzi wa programu hana elimu nayo na wala hakuulizwa. Hili ndilo tunalotaka kulieleza katika makala hii, kwa sababu tunaona viongozi wetu wanaiachia kazi hii vijana wa kompyuta peke yao, wakidhani ni jambo la kiufundi tu.

Asili ya kuhakiki maandishi ya mali

Kuhakiki si jambo geni kwetu. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, imepanga mambo haya vizuri sana kuhusu deni: liwe na muda maalumu, liandikwe, mwandishi awe muadilifu, anayedaiwa ndiye aimlishe wala asipunguze kitu, na ikiwa ni safihi au dhaifu, basi walii wake aimlishe kwa uadilifu. Kisha wakaja mashahidi, na likakatazwa kudhuriwa mwandishi na shahidi. Ukiitazama aya hii kwa jicho la mtu wa madaftari utaona imeeleza kinachoandikwa, anayeandika, anayetoa taarifa, na anayesimama badala yake asipoweza.

Kwa upande wa wakfu, mfano wetu wa kwanza ni ardhi ya Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) aliyoipata Khaybar. Hadithi yake iko kwa Bukhari na Muslim na inajulikana: alimtaka ushauri Mtume (S.A.W.), akaelekezwa azuie asili ya mali na atoe sadaka mazao yake, ndipo akaifanya isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe. Ambalo halitajwi sana ni kwamba Abu Daud katika Sunan yake amehifadhi pia nakala ya hati yenyewe, iliyonakiliwa kutoka kwa mjukuu katika kizazi cha Umar. Humo zimetajwa mali kwa majina, ikiwemo shamba la Thamgh na hisa mia za Khaybar. Ametajwa msimamizi, naye ni Hafsa (R.A.) maadamu yu hai, na baada yake mwenye rai katika jamaa zake. Imetajwa njia ya matumizi, na ruhusa ya msimamizi kula humo bila ya lawama. Mwisho limetajwa jina la mwandishi, Muaykib, na la shahidi, Abdullah bin Al-Arqam.

Hebu sasa tuichukue hati hii tuiingize katika programu ya leo. Jina la mali lipo. Msimamizi yupo, na wa baada yake yupo kwa sifa, hakutajwa kwa jina. Tarehe haimo katika riwaya hiyo. Mipaka minne haimo. Thamani ya mali haimo. Programu ambayo imefanya visanduku hivyo kuwa vya lazima ingeukataa wakfu wa Umar bin Al-Khattab, wakfu ambao mafakihi wote wamejengea juu yake mlango mzima wa Fiqhi.

Hatukusudii kusema kwamba tarehe na mipaka havina maana. Waliokuja baadaye walizidisha uangalifu kwa sababu watu walizidi na hila zilizidi. Mwaka 118 H (736 M), zama za Hisham bin Abdulmalik, kadhi wa Misri Tawba bin Namir Al-Hadhramy aliona kwamba mali hizi za wakfu mwisho wake ni mafukara na masikini, na kwamba zikiachwa mikononi mwa watu binafsi zitapotea au zitageuzwa urithi. Akaziweka chini ya mkono wake na kuzifungulia diwani. Anayesimulia haya ni Al-Kindy (aliyefariki 350 H) katika kitabu chake cha magavana na makadhi wa Misri, naye anaeleza kuwa Tawba hakufariki ila diwani ile imekuwa kubwa. Hilo ndilo daftari la kwanza la wakfu chini ya kadhi tulilopokea habari zake katika Misri, na sababu ya kufunguliwa kwake ilikuwa ni hofu ya urithi. Msomaji ailinde nukta hii, tutairudia.

Kisha ikatokea elimu ya shurut, yaani elimu ya kuandika hati, ambayo Imamu At-Tahawy (aliyefariki 321 H) ni miongoni mwa walioitungia vitabu. Waandishi wa hati walikuwa na kanuni zao za kuhakiki. Iliyo nzuri kuliko zote kwa maoni yetu ni ile ya kutaja nusu. Mwandishi akiandika kwamba nyumba imenunuliwa kwa dinari sabini, anaongeza kuwa nusu yake ni dinari thelathini na tano. Mtu anaweza kuliona hili ni kurefusha maneno bure. Lakini katika maandishi ya Kiarabu yasiyotiwa nukta, neno la sabini na neno la tisini umbo lake ni moja. Anayetaka kuugeuza mkataba anahitaji nukta tu. Nusu ya tisini ni arubaini na tano, na thelathini na tano haigeuki kuwa arubaini na tano kwa nukta. Basi nusu ile inasimama kama mlinzi wa ile jumla. Desturi hii inaonekana wazi katika hati za zama za Mamluki, na watu wa kompyuta leo wanafanya jambo la aina hiyo hiyo wanapoongeza tarakimu ya mwisho katika namba ya akaunti ili kugundua makosa.

Kisanduku cha mmiliki

Sasa tuje kwenye programu zetu, na tuanze na kisanduku chenye hatari kubwa kuliko vyote. Karibu kila programu ya mali inadai jina la mmiliki, wala haikubali kuendelea bila ya jina hilo. Je, mmiliki wa msikiti ni nani?

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba umiliki wa kitu kilichowakifiwa unahamia kwa Allah (S.W.), maana yake unatoka katika miliki za wanadamu, si wa aliyewakifu wala si wa wanaonufaika. Wafuasi wa Imamu Malik wanaona asili inabaki katika miliki ya aliyewakifu, ila hana mamlaka ya kuiuza. Katika madhehebu ya Imamu Ahmad inahamia kwa waliowakifiwa, ikiwa ni watu maalumu. Khilafu hii ina athari zake vitabuni, lakini wote wamekubaliana kwamba imamu wa msikiti si mmiliki, mwenyekiti wa kamati si mmiliki, na msimamizi si mmiliki.

Karani naye afanye nini? Kompyuta inamsubiri. Anaandika jina la imamu, au la mzee aliyesimamia ujenzi, kwa nia njema kabisa, na maandishi mekundu yanaondoka. Inapita miaka kumi. Mzee anafariki. Mtoto wake anaomba nakala kutoka kwenye daftari la jumuiya na anakuta jina la baba yake liko mbele ya neno "mmiliki". Hapo ndipo inaporudi ile hofu ya Tawba bin Namir: wakfu umegeuka urithi, na ushahidi umetoka ndani ya daftari letu wenyewe.

Dawa yake si ngumu. Kisanduku hicho kiondolewe sharti la kujazwa pale mali inapokuwa ya wakfu, au kikubali jibu moja tu, "wakfu", kisha viwepo visanduku vingine mbali mbali: aliyewakifu, msimamizi (naadhir), na waliowakifiwa. Kwa Tanzania Bara, ambako hati ya ardhi ya msikiti kwa kawaida inapaswa kuwa kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, jina la bodi liandikwe katika kisanduku chake cha mwenye hati kisheria. Programu iweke sharti kwamba mwenye hati asiwe mtu binafsi. Hili ni sharti ambalo kijana wa kompyuta analiweka kwa muda mfupi, lakini hawezi kujua kwamba linahitajika mpaka mwanachuoni amwambie.

Tarehe

Programu za upangishaji zinadai tarehe ya kumalizika. Imamu An-Nawawi (aliyefariki 676 H) katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wetu wa pwani wanakijua, ameeleza kwamba mtu akisema amewakifu kitu kwa mwaka mmoja, wakfu huo ni batili, kwa kuwa wakfu ni wa daima. Basi katika daftari la Kishafi kisanduku cha mwisho wa wakfu kiwe kimefungwa kabisa. Karani anayelazimishwa kuandika "2099" ili apite amejaza maneno ambayo dhahiri yake yanabatilisha wakfu. Kwa ndugu zetu wa Kimaliki wakfu wa muda unajuzu, kwa hiyo sharti hilo haliwafai. Na hapa inaonekana kwamba programu moja haiwezi kutosha watu wote mpaka iulize kwanza madhehebu ya aliyewakifu.

Kuna tatizo jingine dogo lakini linasumbua. Jedwali la hesabu linalotumika sana ofisini, Excel, linaanza kuhesabu tarehe kutoka Januari 1, 1900. Kilicho kabla ya hapo halikitambui kuwa ni tarehe. Maandishi ya Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana mwaka 500 H (1107 M). Kwa jedwali hilo msikiti huo hauna tarehe inayokubalika. Na hati nyingi za zamani za mwambao ni za Hijria: karani akiuandika 1318 kama ulivyo, programu itaudhani ni mwaka wa Miladi, na wakfu wa juzi, wa mwaka 1900 au 1901 M, utakuwa umerudishwa nyuma karne sita. Tarehe iandikwe kama ilivyo katika hati, na kiwepo kisanduku cha kutaja kalenda.

Kuuza, na kodi

Katika orodha ya hali za mali, programu huwa na neno "imeuzwa". Kwa Mashafi, msikiti ukianguka na ikashindikana kuujenga tena, hauuzwi kwa hali yoyote. Lakini hao hao wamesema kuwa mikeka ya msikiti iliyochakaa, na magogo yaliyovunjika yasiyofaa ila kuchomwa, kauli sahihi zaidi ni kujuzu kuyauza. Kwa hiyo sharti la jumla kwamba "mali ya wakfu haiuzwi" litamzuia msimamizi kuuza mkeka uliooza, na sharti la kuruhusu litafungua mlango wa kuuza kiwanja. Kila aina ya mali iwe na hukumu yake. Mahanafi wana milango yao ya kubadilisha wakfu (istibdal) kwa masharti na kwa idhini ya kadhi, na Mahanbali wameruhusu kuuza uliokosa manufaa na kununua mwingine badala yake. Katika hali hizo programu isiridhike na neno "imeuzwa" peke yake. Idai idhini ya kadhi inapohitajika, na idai kitu gani kimenunuliwa badala yake.

Kuhusu kodi, msimamizi hana ruhusa ya kupangisha chini ya kodi ya mfano, yaani kodi inayolipwa kwa nyumba kama ile mahali pale. Hili linaweza kuwekewa sharti zuri la kuhakiki. Lakini programu ilinganishe na kodi ya mfano ya siku ya mkataba, isilinganishe na ya leo, kwani wamesema pia kuwa kodi ikipanda katikati ya muda, au akatokea anayetoa zaidi, mkataba hauvunjiki kwa kauli sahihi zaidi. Programu inayomulika taa nyekundu kila soko linapopanda itamsukuma msimamizi kuwavunjia wapangaji mikataba iliyosihi.

Wakfu usio na hati

Sasa tunafika pahala pazito. Misikiti mingi, makaburi mengi na visima vingi havina hati. Mzee alitamka, watu wakasikia, wakaswali, wakazika, vizazi vikapita. Daftari linalodai "pandisha nakala ya hati" litafanya nini na hivi?

Hili limetokea katika nchi ya India kwa kiasi kikubwa sana. Serikali ya huko ilikuwa na mfumo wa kompyuta wa mali za wakfu uitwao WAMSI, na hadi Machi 2025 mfumo huo ulikuwa umeorodhesha mali zipatazo 872,000. Kati ya hizo, takriban 402,000 ziliandikwa kuwa ni wakfu kwa njia ya matumizi, yaani mahala palipotumika muda mrefu kama msikiti, kaburi au mfano wa hayo. Hati za wakfu zilizokuwa zimepandishwa zilizidi kidogo tu elfu moja. Mwezi Aprili 2025 ikapita sheria mpya iliyoondoa, kwa mali zitakazokuja, njia hiyo ya matumizi, na Juni 6, 2025 ukafunguliwa mfumo mpya uitwao UMEED, na wasimamizi wakapewa miezi sita kuingiza taarifa. Humo taarifa inapita kwa watu watatu: anayeandika, anayekagua na anayeidhinisha. Kupita kwa watu watatu peke yake hatuoni ubaya wake. Ni kinga dhidi ya uongo na makosa. Linalotutia hofu ni yule mkaguzi, anapoulizwa hati na haipo, ana jibu gani mbele yake zaidi ya "kubali" na "kataa"?

Fiqhi inalo jibu la tatu. Kwanza tutofautishe kusihi kwa wakfu na kuthibiti kwake. Kwa Mashafi, wakfu hausihi ila kwa tamko. Kuswali watu katika nyumba yako hakuifanyi kuwa msikiti. Mahanafi wamepanua zaidi katika jambo la msikiti. Lakini kuthibitisha kwamba tamko lilitoka ni jambo jingine, na hapo ndipo inapoingia istifadha, yaani habari iliyoenea. Ar-Rafii (aliyefariki 623 H) alielekea kwamba wakfu, kama nikaha na miliki, hauthibiti kwa kushuhudia habari zilizoenea. An-Nawawi katika Minhaj akaongeza neno lake mwenyewe kwamba kauli sahihi zaidi kwa wahakiki na wengi ni kujuzu katika yote hayo. Sharti lake ni kuwa habari isikiwe kutoka kwa kundi ambalo haielekei kuwa wamekubaliana kusema uongo.

Wakaendelea kupambanua. Istifadha inathibitisha asili ya wakfu, yaani kwamba mahala hapa ni wakfu. Haithibitishi masharti yake: nani apewe, kwa kiasi gani, nani asimamie. Mahanafi nao wana upambanuzi kama huo kati ya asili na masharti. Kwa mtu wa kompyuta maneno haya ni mwongozo kamili. Kisanduku cha "je, ni wakfu?" kina kanuni yake ya ushahidi, na kisanduku cha masharti kina kanuni nyingine iliyo kali zaidi. Kosa la mifumo mingi ni kudai hati moja kwa vyote viwili, na hati ikikosekana vyote viwili vinaanguka.

Kwa hiyo tunashauri kwamba daftari la wakfu liwe na kisanduku cha njia ya uthibitisho, na majibu yake yawe: hati, hukumu ya kadhi au mahakama, mashahidi waliosikia tamko, habari iliyoenea, au bado inachunguzwa. Akichagua habari iliyoenea, programu imdai majina ya wazee waliohojiwa, tarehe ya mahojiano na saini zao, na ikatae wakiwa ni wa nyumba moja au ni wenye maslahi katika mali hiyo. Kisha visanduku vya masharti viruhusiwe kubaki vitupu, viandikwe "haijathibiti", wala karani asilazimishwe kubuni. Na mali iliyoandikwa "bado inachunguzwa" isifutwe kwa kupita muda; ibaki daftarini pamoja na jina la aliyepewa kazi ya kuichunguza.

Kazi hii ya kuwahoji wazee ndiyo inayotakiwa ianze kabla ya kununua kompyuta. Mashahidi wa istifadha ni watu wenye umri mkubwa, na katika mitaa mingi wamebaki wawili au watatu. Maimamu wanaosoma makala hii wanawajua kwa majina.

Wallahu aalam.